Duka lisilo na mlango nalo lina kodi

"Mjomba, duka langu halina kodi."

Hayo ndiyo maneno aliyonitamkia mpwa wangu mwaka jana alipokuja kunieleza, uso umemkunjuka kwa furaha, kwamba ameanza kuuza leso na vikoi mtandaoni. Duka lenyewe lilikuwa katika chumba anachoishi mtaani Umoja, jijini Nairobi. Hakuhitaji kaunta, wala kufuli, wala mlinzi wa usiku. Simu yake ndiyo iliyokuwa duka, picha ndizo zilizokuwa rafu, na vijana wa bodaboda ndio waliokuwa wachukuzi wake. Mtaji wa Sh80,000 aliukopa kutoka kwa chama cha kina mama ambacho mama yake mzazi, dada yangu mkubwa, ndiye mweka hazina wake. Nilimwombea heri nikanyamaza. Hadi leo ninakijutia kimya kile, maana mimi ni mtoto wa dukani, na kosa lililokuwa katika sentensi ile moja nililisikia hata kabla hajaketi.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la rejareja Majengo, Mombasa. Lilikuwa dogo kiasi kwamba watu watatu wakiingia, wa nne husubiri barazani. Aliuza unga, sukari, mafuta ya taa na sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na ukutani alitundika leso. Chini ya kaunta yalikaa makopo mawili ya maziwa ya unga. Kila jioni alihesabu mauzo, akatoa kwanza bei aliyonunulia kila kitu kilichouzwa siku hiyo na kuitia katika kopo la kwanza. Humo humo alitia fungu la siku la kodi, la taa na la hamali. Kilichosalia, hata kikiwa senti chache, ndicho kilichoingia katika kopo la pili, na ni hilo la pili pekee lililoruhusiwa kwenda jikoni. Nakumbuka jioni ambazo kopo la pili halikupata kitu, nasi tukala muhogo mkavu ilhali kopo la kwanza limejaa noti. Kwa akili yangu ya kitoto nilimwona baba kuwa bahili.

Mpwa wangu hakuwa na makopo. Alikuwa na simu moja, na humo fedha za leso, za chakula, za nauli na za chumba zilikaa pamoja kama abiria wa matatu. Alinunua doti moja ya leso Mombasa kwa Sh600 na kuiuza kwa Sh900. Kwa hesabu yake kila doti ilimpa faida ya Sh300, na kwa kuwa aliuza doti 60 kwa mwezi, aliamini ana pato la Sh18,000. Akalitumia. Aliponijia tena baada ya miezi mitatu, hakuwa na uso ule wa kwanza. Mtaji ulikuwa umebaki Sh12,500, na siku ya kulipa chama ilikuwa imekaribia.

Tuliketi na kalamu. Nauli ya robota kutoka Mombasa, ilipogawanywa, ilikuwa Sh20 kwa kila doti. Mfuko mzuri wenye jina la duka, Sh15. Matangazo aliyolipia ili picha zake ziwafikie watu wasiomjua yalimgharimu Sh6,000 kwa mwezi, yaani Sh100 kwa kila doti iliyouzwa. Na kwa kuwa washindani wake walitangaza kwamba huwapelekea wateja mizigo bure, naye alitangaza bure, na bure hiyo alimlipa mwenye bodaboda Sh200 kila safari. Jumla ni Sh335. Kila doti aliyodhani imemletea Sh300 ilikuwa imemtia hasara ya Sh35. Tena kulikuwa na wateja sita kila mwezi walioagiza, na mzigo ulipofika mlangoni wakazima simu. Kila mmoja wao alimtoa Sh400 za kwenda na kurudi. Kwa hivyo biashara yenyewe ilimla Sh4,500 kwa mwezi, naye juu yake akala Sh18,000 akidhani anakula faida, kumbe anakula jasho la kina mama wa chama. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala haikuwa kwamba hakujua kuuza. Aliuza vizuri mno, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe: kila alivyouza zaidi ndivyo alivyozidi kupoteza.

Msomaji asidhani kwamba kosa hili ni la binti mmoja wa Umoja. Huko Marekani, kampuni ya Pets.com iliyouza chakula cha mbwa na paka kwa intaneti ilifungwa Novemba 2000, baada ya kusafirisha magunia mazito kwa bei isiyoweza kulipia hata safari yake. Webvan, iliyouza vyakula vya nyumbani, ilijenga maghala makubwa ya kisasa katika miji kadhaa kabla ya kuwapata wateja wa kuyatosheleza. Julai 2001 ilifilisika. Hapa kwetu, Jumia ilifunga huduma yake ya kupeleka vyakula mwishoni mwa 2023, na Copia, iliyoanza mwaka wa 2013 ikiwauzia wakazi wa mashambani kupitia kwa mawakala, ilikabidhiwa wasimamizi Mei 2024 iliposhindwa kupata mtaji mpya. Sisemi kwamba kampuni hizi ziliongozwa na wajinga. Zilikuwa na wasomi na zilikuwa na fedha ambazo baba yangu hakuziona hata ndotoni. Ninalosema ni kwamba hakuna mtambo wa kompyuta unaogeuza hasara kuwa faida kwa kuirudia mara nyingi.

Turudi kwenye ile kodi. Baba alipolipia chumba kile cha Majengo hakuwa akilipia kuta na bati. Alikuwa akilipia njia. Watu waliotoka msikitini na waliokuwa wakielekea kituo cha basi hawakuwa na budi kupita mbele ya baraza lake, na katika kupita huko ndimo riziki ilimokuwa. Mtandaoni hakuna apitaye kwa bahati. Ukitaka watu wapite mbele ya duka lako huna budi kuwanunua, na anayewauza ni tajiri wa ng'ambo ambaye hujapata kumwona, tena anawauza kwa mnada, wakati wowote, kwa yeyote atakayemlipa zaidi yako. Hiyo ndiyo kodi. Tofauti yake na kodi ya Majengo ni kwamba mwenye nyumba wa Majengo alibisha hodi mara moja kwa mwezi, na mtu aliweza kumwomba siku mbili tatu.

Husemwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nakubali nusu. Chema kilichofungiwa chumbani Umoja hakijiuzi hata kidogo. Ni lazima kwanza kitembezwe. Lakini akishakinunua mtu mmoja na kuridhika, akarudi mara ya pili na ya tatu, mauzo hayo ya kurudi hayalipiwi tangazo. Mteja arudiye ndiye apunguzaye kodi. Baba alilijua jambo hili bila kusomea chuo chochote, na ndiyo sababu mboga ya jirani ilipozidi tulitumwa kuwapelekea wateja wa miaka mingi, na ndiyo sababu kila kilo ya sukari ilipata nyongeza ya kijiko mbele ya macho ya mnunuzi baada ya mizani kutulia. Baada ya kutulia, si kabla.

Sasa, mteja harudi mahali alipodhulumiwa, na katika hili mimi mwenyewe ni shahidi. Niliona mtandaoni picha ya viatu vya ngozi vya rangi ya kahawia. Bei haikuandikwa. Mahali pa bei palikuwa na maneno yale ambayo kila Mkenya mwenye simu anayajua: njoo faraghani. Nikaenda faraghani. Kabla ya kutajiwa bei niliulizwa ninaishi mtaa gani. Nikaujibu. Bei ikawa Sh3,500. Rafiki yangu anayekaa mtaa wa watu wa kipato cha chini aliulizia viatu hivyo hivyo akaambiwa Sh2,800. Niliyajua hayo nikiwa nimekwisha kutuma fedha, na viatu vilipofika vilikuwa vyeusi, tena vidogo kwa namba moja. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nilipolalamika mara ya pili sikujibiwa, na nilipotaka kulalamika mara ya tatu nilikuta nimefungiwa mlango. Duka lisilo na mlango, kumbe lina mlango wa kumfungia aliyelipa!

Wako watetezi wa mtindo huu wa kuficha bei, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba wapinzani hupita wakichungulia bei ili wazipunguze kwa shilingi hamsini. Husema pia kwamba kupatana bei ni mila yetu, na kwamba Kongowea na Gikomba hakuna vibandiko vya bei juu ya marundo. Ni kweli. Wala sitadai kwamba wachuuzi wa zamani walikuwa malaika. Wengi waliitazama saa mkononi mwa mnunuzi kabla ya kufungua kinywa. Lakini pale sokoni mnunuzi anaishika bidhaa. Anaigeuza, anaipima, anamsikia mwenzake wa kushoto akitajiwa bei, na akiona anaonewa huenda rundo la pili hatua tatu kutoka hapo. Mapatano ni mapatano kwa sababu pande zote mbili zinaona. Faraghani anaona mmoja tu. Mapatano ya namna hiyo kwangu hayana tofauti na mizani iliyowekwa nyuma ya pazia.

Na suala la kumuuzia mtu usiyemwona, nalo, si geni kama vijana wetu wanavyodhani. Mnamo 1872 mfanyabiashara aitwaye Aaron Montgomery Ward alianza, mjini Chicago, kuwauzia wakulima bidhaa kwa orodha iliyotumwa kwa posta. Wakulima walisoma karatasi, wakatuma fedha, wakasubiri garimoshi. Walikuwa na kila sababu ya kumshuku. Mwaka wa 1875 Ward aliwatangazia ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Ahadi hiyo ilikuwa na gharama, na hapana shaka wako walioitumia vibaya, lakini biashara yake ilikua ikawa miongoni mwa kubwa za nchi ile. Alikuwa ameelewa kwamba mkulima wa mbali hanunui shati. Ananunua kwanza imani kwamba shati litakuja.

Huku kwetu pwani imani hiyo iliandikwa kwenye kitambaa. Leso za Kaderdina Hajee Essak wa Biashara Street, Mombasa, biashara iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, hubeba alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Bibi wa Lamu au wa Unguja hakuhitaji kumjua Abdulla. Aliitazama alama, akajua rangi na pamba anayoitarajia. Jina lililosafiri mbali na mwenyewe namna hiyo halikujengwa kwa mfuko mzuri wa Sh15. Lilijengwa na leso moja baada ya nyingine, miaka nenda miaka rudi. Ninapoona duka la mtandaoni likibadili jina kila baada ya miezi sita ili kukimbia malalamiko, huwa najiuliza mwenyewe anadhani anauza nini.

Leso ni mfano mzuri kwa sababu nyingine pia. Mnunuzi wa leso dukani husoma jina lake, huitazama pindo na mji, kisha hukisugua kitambaa kwa vidole, na mama mzoefu hulowesha pembe kwa mate ili aone kama rangi inachuja. Picha haisuguliwi. Basi muuzaji wa mtandaoni analazimika kufanya kwa maneno kazi ambayo vidole vya mnunuzi vingeifanya: aseme upana na urefu, aseme ni pamba tupu au imechanganywa, aipige picha upande wa pili, na kama rangi nyekundu inachuja mara ya kwanza ikifuliwa, aseme inachuja. Baba alikuwa na desturi ya kumwonyesha mteja tundu la kitambaa kabla mteja hajaliona mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajiharibia biashara. Alinijibu kwamba tundu litaonekana tu, iliyobaki ni kuchagua lionekane kwake au lionekane nyumbani kwa watu.

Hata sheria inataka vivyo hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inataja waziwazi mikataba inayofanywa kwa intaneti, na inamtaka muuzaji amfichulie mnunuzi mambo muhimu kabla hawajaafikiana, tena ampe nafasi ya kukubali au kukataa. Kibandiko cha "bidhaa hazirudishwi" hakiifuti Katiba. Hata hivyo, mkaguzi wa vipimo anapoingia sokoni hubeba mawe yake ya kupimia na mizani ya kila mtu huonekana mezani. Muuzaji aliye ndani ya simu hana meza. Serikali ingeanza na jambo dogo: kila anayeuza mtandaoni aoneshe jina lake la kweli na mahali anapopatikana. Mchuuzi wa nyanya hulifanya hilo kila siku bila kuambiwa, kwa kuwa anaketi papo hapo.

Nisije nikaonekana kuwalaumu wauzaji peke yao. Wale wateja sita waliozima simu ni akina nani kama si sisi? Kuna mtu anayeagiza leso kwa wauzaji watatu ili achukue ya atakayefika kwanza, na hao wawili wa mwisho wanarudi Umoja na hasara. Dawa yake pia ni ya kale. Mafundi cherehani wa Mombasa hawakukata kitambaa kabla ya kupokea arubuni. Fundi seremala hakununua mbao za kitanda chako kwa fedha zake. Aliyetoa arubuni hurudi, kwa sababu sehemu ya moyo wake ameiacha pale. Mpwa wangu alipinga sana wazo hili, akidai kwamba wateja watakimbia. Nikamwambia wanaokimbia kwa sababu ya Sh200 za bodaboda ndio hao hao aliokuwa akiwalipia.

Liko na jambo la siri, ambalo nitalitaja kwa ufupi tu. Daftari la madeni la baba lilikaa chini ya makopo, na hakuna jirani aliyejua mwenzake anadaiwa nini. Leo wauzaji huanika hadharani mazungumzo yao na wateja, pamoja na majina na namba za simu, ati ni ushahidi kwamba wanaaminika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuwekwa kwa ajili ya benki pekee.

Chama kilikutana Jumapili moja nyumbani kwa dada yangu. Binti alisimama mbele ya kina mama kumi na wanane akawasomea hesabu yote, mpaka zile Sh18,000 alizokula kila mwezi. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na sikumbuki kumwona dada yangu akiinua macho hata mara moja. Walimpa mwaka mmoja wa kulipa. Mzee wao mmoja, muuza samaki tangu ujana wake, alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu, sasa fedha za mali unaziweka wapi?" Akamwonyesha kwenye simu akaunti ya pili, iliyotengwa, ambayo haigusi. Yule mama akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa kwa kukubali, akairudisha simu.

Sasa anauza doti 25 au 30 kwa mwezi, nusu ya alizokuwa akiuza. Nauli ya bodaboda hulipwa na mnunuzi, tena kabla. Leso isiyopendeza hupokewa ndani ya siku saba ikiwa haijafuliwa, na hadi sasa zimerudi mbili. Zaidi ya nusu ya wanunuzi wa mwezi uliopita ni watu waliokwisha kununua kwake, kwa hivyo matangazo ameyapunguza hadi Sh1,500. Amelipa chama Sh14,000. Na chini ya kila picha, kwa herufi kubwa, ameandika bei.

Siku alipoziandika alinitumia picha ya ukurasa wake ili nijionee. Chini kabisa kulikuwa na swali la mteja wa kwanza: "Hii ni pesa ngapi?" Akamjibu kwa adabu, "Mia tisa, dada yangu," kana kwamba haikuwa imeandikwa popote.